Mwanza Tule Wapi? Majibu kwa Wasomaji

Natoka Dodoma, nina siku mbili tu. Sato mzuri nitampata wapi?

Karibu sana, ndugu. Asubuhi nenda kwanza soko la Mwaloni, Kirumba, hata kama hupiki. Mwangalie samaki mbichi: macho maangavu, mashavu mekundu, na ukimbonyeza kwa kidole nyama inarudi. Ukishamjua hivyo, mchana ingia kwa mama lishe yeyote mwenye wateja wengi, uombe kumwona sato wako kabla hajaingia jikoni. Anayejiamini atakuonyesha.

Kisha agiza mchemsho. Najua wengi mnapenda wa kukaanga, lakini mafuta ya moto huficha samaki aliyelala siku mbili. Kwenye mchemsho hana pa kujificha: mchuzi mwepesi, nyanya na vitunguu, ndimu ikamuliwe mezani, na ugali wa muhogo pembeni. Kula kwa mkono, miba utaisikia kwa vidole kabla haijafika kooni.

Mwanangu anaogopa miba. Nifanyeje?

Mpe sangara. Ana minofu minene na miba yake ni mikubwa, inaonekana. Huyu si mwenyeji wa ziwa letu, aliletwa miaka ya 1950 na 1960. Minofu yake mingi huenda viwandani na kusafirishwa nje, ila kichwa chake kwenye supu ya asubuhi, na chapati, ni chakula cha kushiba hadi jioni.

Kila nikinunua dagaa nakuta mchanga.

Wako walianikwa chini. Uliza walioanikwa kwenye vichanja, ulipie hiyo nyongeza bila kusita. Na nunua siku za giza, mwezi usipoonekana: dagaa huvuliwa usiku kwa taa, mbalamwezi ikiwa kali hawazifuati, basi hupungua na bei hupanda.

Mama mkwe hali samaki kabisa.

Mtafutie michembe, yaani viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa vibichi, ipikwe na karanga. Au matobolwa, ambayo huchemshwa kwanza ndipo yakaushwe, ale na chai au maziwa mgando. Sokoni vipo. Inaniuma kwamba hoteli zetu kubwa haziviweki mezani, na hapa ndipo Usukumani!

Jioni tukanywe wapi?

Capri Point, mkielekea ziwani, fikeni kabla jua halijazama. Asiyetaka bia anywe juisi ya miwa yenye tangawizi na ndimu, ikamuliwe mbele yake.