Geuza jani kabla ya kushika bomba la dawa

Majani ya sukuma wiki yakianza kujikunja, jirani atakwambia kapulize dawa. Mimi nakuomba ugeuze jani kwanza. Hapa Moshi, jua la Januari na Februari linapowaka, wanaotangulia bustanini ni vidukari, wale wadogo wa kijivu wanaojazana chini ya jani kama unga uliomwagika. Jike anazaa bila dume, na watoto wake baada ya wiki moja hivi nao wanazaa, kwa hiyo usiache bustani bila kuikagua.

Watazame kwa karibu. Utakuta wengine wamevimba, wamegeuka kahawia na kukaukia palepale, mgongoni wana tundu la duara. Hao nyigu mdogo sana aliwatagia mayai mwilini. Mtoto wake akawala kwa ndani, akatoboa akatoka. Ukiwaona wengi wa namna hiyo, usipulize chochote. Na yule mdudu mweusi mrefu mwenye madoa ya machungwa, anayetisha kidogo, tafadhali usimponde. Ni mtoto wa yule mwekundu wa duara mwenye madoa meusi, na wote wawili wanakula vidukari. Dawa kali inaua hata hawa wanaotusaidia, halafu vidukari wakirudi hawana wa kuwazuia.

Wakizidi, chuma majani yaliyoathirika sana, kisha wapige maji kwa nguvu upande wa chini. Wakibaki, changanya kijiko cha chai cha sabuni ya maji kwa lita moja, jaribu kwenye majani machache, ukiona hayaungui pulizia bustani nzima jioni. Sabuni inaua yule tu iliyemgusa, ndiyo maana nasisitiza chini ya jani.

Viwavi wadogo wa kijani kwenye kabichi, wanaoshuka kwa uzi ukiwagusa, wanataka muarobaini: twanga kiini cha mbegu gramu 50, loweka usiku kucha kwenye lita moja ya maji, chuja, pulizia jua likizama kwa sababu mwanga unaiharibu. Hawafi papo hapo, ila wanaacha kula. Nyanya zenye kantangaze, yaani viwavi wadogo wanaokula jani kwa ndani, ng'oa majani yenye michirizi uyafunge kwenye mfuko wa plastiki juani. Usiyatupe kwenye mboji.

Ukilazimika kununua dawa, chukua iliyofungwa kiwandani, si ya kupimiwa kwenye chupa ya maji. Soma lebo uone ni siku ngapi za kusubiri kabla ya kuvuna. Mchicha unaochuma kila baada ya siku chache kulisha wanao hauwezi kusubiri wiki mbili. Huo ung'oe, panda mwingine.