Wanaopima miseli, ujazo UNAONGEZEKA, msitishwe na mtu

Juzi kuna dada mmoja anasoma masters kanitumia meseji ndefu. Anapima densiti (uzito kwa kila ujazo) ya myeyusho wa SDS (sodiamu dodesili salfeti, ile safaktanti, yani kemikali ya sabuni, iliyomo kwenye shampuu nyingi na dawa za meno), na supavaiza wake kamwambia data zake ni mbovu kwa sababu zinaonyesha miseli (vile vifundo vidogo ambavyo molekuli za sabuni zinajikusanya ndani ya maji) zikianza kujitengeneza ujazo unapanda badala ya kushuka. Anauliza, kaka nirudie kazi yote?

Mdogo wangu usirudie kitu. Nilivyoisoma hiyo meseji nilicheka afu nikakasirika, maana mimi haya yamenikuta na mpaka leo yananiuma.

Natetea tasnifu, nimefika kwenye grafu yangu niliyoisotea sana, mzee mmoja wa paneli mwenye jina kubwa akanyoosha mkono. "Kijana, abiria wakiwa stendi wamesambaa, wakiingia daladala wanabanana. Molekuli zikikusanyika ujazo unapungua. Wewe wako unapandaje?" Watu wakacheka. Nikasema samahani Profesa, naomba nieleze, akasema utaeleza kwenye masahihisho. Basi nikaeleza kwenye masahihisho, kurasa kibao, kapitisha bila kusema neno. Mwezi uliopita jarida limekubali makala yangu na ile grafu imo vilevile, sijagusa hata nukta moja. Nasema tu.

Sasa kwanini unapanda. Molekuli ya SDS ina kichwa chenye chaji na mkia. Ule mkia una kaboni 12 na haupendani na maji, lakini ukiwa peke yake humo ndani maji yanajipanga vizuri sana kuuzunguka, yanajaza kila upenyo, kwahiyo mkia na maji yake kwa pamoja wanachukua nafasi ndogo kuliko unavyodhani. Ukifika ukolezi kama wa milimoli 8 kwa lita kwenye nyuzi 25, molekuli zinaanza kukusanyika kama 60 hivi kwa kila miseli, mikia ndani vichwa nje. Kule ndani mikia haijapangwa kama matofali, inajikunja kunja imelegea kama mafuta, na yale maji yaliyokuwa yameibana yanarudi kuwa maji ya kawaida. Kila CH2 (kipande kimoja cha mkia) iliyokuwa inachangia kama sentimita za ujazo 16 kwa moli inasogea kwenye 17. Na kwenye vichwa vyenye chaji, ioni nyingi za sodiamu zinaganda juu ya miseli, sehemu ya maji yaliyokuwa yamevutwa na chaji hizo inaachiwa, nayo inaongeza. Kwa jumla ujazo wa moli moja ya SDS unatoka kama sentimita za ujazo 238 unaenda karibu 249. Yani kila moli inaongeza kama 11.

Ushahidi mwingine ambao ningeutoa siku ile kama ningepewa dakika mbili ni wa presha. Kitu kinachotanuka kikijitengeneza, ukikikandamiza unakizuia, na kweli ukiongeza presha SDS inahitaji ukolezi mkubwa zaidi ndo itengeneze miseli. Inaenda hivo mpaka kwenye angahewa 1000 hivi ndo inageuka, kwa sababu ule mkusanyiko uliolegea unabanika kirahisi. Kwahiyo hoja ya daladala ina ukweli, ila ni huko kwenye presha za ajabu, sio kwenye bika mezani.

Haya, ushauri wenyewe. Joto. Joto. Narudia tena, JOTO. Piga hesabu: myeyusho wa milimoli 20 kwa lita, kama 12 ziko kwenye miseli, zidisha kwa 11, lita nzima imetanuka kama mililita 0.13 tu. Kwenye chupa ya densiti ya mililita 25 hiyo ni tofauti ya uzito ya miligramu 3 na kidogo. Sasa joto likiyumba nusu nyuzi tu, maji yenyewe karibu na nyuzi 25 yanakubadilishia miligramu hizo hizo 3! Yani ukiacha chupa karibu na dirisha umepima jua, hujapima miseli. Wota bathi (lile beseni la maji ya joto moja) isubirini itulie, afu shika chupa kwa karatasi maana kidole nacho kina joto na mafuta.

Na chini ya ule ukolezi wa miseli data zitaruka ruka sana, usilie. Kwenye milimoli 4, kosa la densiti la gramu 0.00001 tu kwa mililita linakupa kosa la sentimita za ujazo 2.5 kwenye ujazo wa moli. Wengi wanazifuta hizo nukta ili grafu ipendeze, na hapo ndo wanajimaliza, kwa sababu bila hizo nukta hauna mahali pa kuanzia kusema umepanda. Pima mara nyingi, weka na kiwango cha kosa, acha zionekane zilivyo.

Vijana wa siku hizi tunaogopa wakubwa kupita kiasi. Shikamoo mpe, kiti mpishe, ila namba usimbadilishie. Na usimbishie kwa maneno matupu, mpe grafu ya presha, kaa kimya.

Kitu cha mwisho, kama uko Iringa au Mbeya na maabara haina hita, asubuhi za mwezi wa saba SDS inaweza kujitenga ikaacha fuwele nyeupe chini ya chupa. Usiimimine ya juu ukapima. Pasha taratibu mpaka iyeyuke yote, tikisa bila kutoa povu, irudishe kwenye nyuzi 25 ndo upime.