Karakana ya jirani inahamia ukutani kwangu, nifanyeje?

SWALI: Anti shikamoo, pole na majukumu. Mi naishi Tabata huku Dar, nyumba tumejenga pole pole na mume wangu mpaka tukahamia. Jirani yetu ni kaka mmoja ana karakana ya kuchomelea, anatengeneza mageti, grili, vitanda vya chuma, alianza na mashine moja chini ya mwembe na vijana wawili na hatukuwa na neno naye, hata geti letu katengeneza yeye tena kwa bei ya ujirani. Sasa kanunua kiwanja cha nyuma yetu, cha bibi mmoja aliyehamia kwa mwanae, nguzo zimeshasimama mabati yamelazwa chini, vijana wake wanasema inakuja kompresa na chumba cha kupulizia rangi, umeme wa fezi tatu, na kazi itaenda mpaka usiku maana kapata tenda ya madawati. Banda litagusana na ukuta wa chumba wanacholala wanangu na huyu wa mwisho ana pumu. Saizi tu wakianza kuchomelea taa za ndani zinacheza. Mume wangu anasema nimwache mtu atafute riziki, mama mkwe anasema tukimsema tutaonekana tunamuonea wivu, ila mi anti silali. Naweza kumzuia? Nianzie wapi? Au tuuze tuhame?
Msomaji, Tabata

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Bahati yako umeandika nguzo zikiwa nguzo, wengi wananiandikia banda limeshapauliwa na mafundi wameshazoea kupiga nyundo saa nne usiku, hapo kazi inakuwa kubwa mara mbili.

Nianze na lile usilotaka kusikia. Kumzuia huyo kaka asikuze biashara yake sahau, na mi mwenyewe nisingekusaidia kwa hilo, kiwanja kanunua kwa hela yake na vijana wanakula hapo. Ila kumzuia asipulizie rangi kwenye ukuta wa mtoto mwenye pumu, asipige grainda usiku, asipange mitungi ya gesi mgongoni kwa chumba chako, hilo linawezekana kabisa, ndo unatakiwa ulishikilie hilo tu. Ukienda na "sitaki karakana hapa" unaonekana mkorofi na mume wako atakuwa wa kwanza kukukana. Ukienda na "chumba cha rangi kihamie upande wa barabarani" kila mtu anakuelewa, hata mama mkwe.

Kabla ya ofisi yoyote nendeni kwake, wewe na mume wako, jioni kazi ikishaisha asiwepo mteja wa kumwaibisha mbele yake. Mwambieni awaonyeshe mchoro, chumba cha rangi kinakaa wapi, feni ya kutolea moshi inatazama wapi, kompresa inakaa wapi, anafunga saa ngapi. Inawezekana hajakaa akafikiria hata kimoja, mafundi wengi wanapanga vitu kwa kuangalia tu pale penye nafasi. Kugeuza feni kwenye mchoro ni bure, kugeuza tofali zimeshajengwa ni hela, na yeye analijua hilo vizuri kuliko mimi na wewe.

Hapo kwenye rangi ndo nataka uweke nguvu zako zote. Rangi ya kupuliza sio kama ya brashi, inatoka kama ukungu mwembamba na inaingia kwenye nyavu za dirisha bila shida. Thina peke yake inatosha kumbana mtoto wa pumu. Na kama atakuwa anatumia zile rangi za magari za kuchanganya na hadina, yani dawa ya kuigandisha rangi iwe ngumu, nyingi zina kemikali inaitwa isosaineti, hiyo inajulikana dunia nzima kwa kuleta pumu hata kwa fundi mzima asiyekuwa nayo, sembuse mtoto. Mwulize anatumia rangi gani, mwombe ulione kopo lenyewe. Chumba cha rangi cha kweli kina kuta, feni na filta, sio turubai limefungwa pembeni. Wakati mnasubiri, mpeleke mtoto kliniki dokta aandike kwenye cheti kwamba ana pumu na vumbi na harufu za kemikali vinamdhuru, maana hiyo karatasi ni nzito kuliko maneno yako yote mbele ya afisa. Na akianza kubanwa mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, usisubiri kikao cha mtaa.

Wale wanao wakubwa pia usiwaache wakachungulie ukutani wakati wa kuchomelea. Ule mwanga unaunguza macho na maumivu hayaji saa hiyo, yanakuja usiku mtoto anahisi kama kamwagiwa mchanga. (Na tafadhali msimwekee maziwa wala kiazi machoni kama mafundi wanavyofanya, mpelekeni zahanati.)

Sasa akikataa au akikuzungusha. Watu wanakimbilia kwa mjumbe wa nyumba kumi, sio mbaya kumpitia kwa heshima, ila mjumbe ni wa chama. Barua yako inatakiwa ofisi ya serikali ya mtaa, kwa mwenyekiti na mtendaji. Andika fupi, tarehe, kinachojengwa, umbali kutoka chumba cha watoto, unachoomba kibadilishwe. Peleka nakala mbili, moja wakugongee muhuri wa kupokea na uondoke nayo. Malalamiko ya mdomo hayana kumbukumbu, na viongozi wanabadilika, akiingia mwingine unaanza moja.

Wakati barua inatembea, nenda halmashauri kwa afisa mipango miji na namba ya kiwanja chako na cha kwake kama unaijua. Kibali cha ujenzi kinatolewa na halmashauri, sio mwenyekiti wa mtaa, hata kama yeye alishika koleo siku ya msingi. Uliza mambo mawili, kile kiwanja kimepangwa kwa matumizi gani, na kibali kimeombwa kwa ajili ya nini. Kama ramani inasema makazi na yeye anaweka karakana, anatakiwa aombe kubadilisha matumizi ya ardhi chini ya Sheria ya Mipango Miji ya 2007, na majirani mna nafasi ya kuweka pingamizi lenu kabla hajakubaliwa. Kama hana kibali utaona wenyewe wanakuja na ile rangi nyekundu, X ukutani na neno SIMAMISHA. Muulize afisa huyo huyo na umbali wa kuacha kutoka mpakani, maana banda kugusana na ukuta wako hilo peke yake ni hoja. Ila kabla hujauliza ya jirani, hakikisha kibaraza chako na choo cha nje havijapita mpaka, hawa watu wakija na futi wanapima pande zote.

Kelele nayo ina namba zake. Kanuni za viwango vya kelele za 2015 zinasema eneo la makazi isizidi desibeli 50 mchana na 35 usiku, na penye makazi yaliyochanganyika na viwanda vidogo na biashara ni 60 mchana, 50 usiku. Usiku unahesabiwa kuanzia saa 4. Grainda ukisimama karibu inagonga 90 na zaidi, kwaiyo inapita hata hicho kiwango cha kuchanganyika, jirani yako ukuta tu ndo utakaomwokoa. App ya simu itakupa picha lakini sio ushahidi, kipimo cha kuaminika ni cha maafisa, yani afisa afya au mazingira wa halmashauri, na wakishindwa wao, ofisi ya kanda ya NEMC, lile baraza la taifa la mazingira. Hawa wakiamua wanaamua, mwaka 2023 walifungia baa na kumbi kadhaa kwa kelele. Ila usianze nao, ukirukia juu utaulizwa mtaa walisemaje.

Mitungi: wa oksijeni usikae pamoja na wa gesi inayowaka, kanuni inayotumika sehemu nyingi ni kuitenganisha mita 6 hivi au kuweka ukuta usioshika moto katikati. Ukiona imelazwa juani nyuma ya chumba, waite Zimamoto waje wakague, na ukiona moto wenyewe ni 114.

Umeme ndo ninapokutuliza kidogo. Taa zinacheza kwa sababu mashine yake inavuta kwenye laini ile ile moja mnayotumia wote. Akivutiwa fezi tatu vizuri mzigo unagawanyika, inaweza ikawa nafuu kwenu kuliko saizi. Toeni taarifa TANESCO waangalie transfoma inabeba, basi.

Kuuza? Ukiuza saizi mnunuzi wa kwanza kubisha hodi ni huyo huyo kaka, na atakupa bei ya mtu anayekimbia. Tulia.

Na la mama mkwe, mwambie hakuna anayemuonea mtu wivu, na siku ya kwenda kwa jirani mchukue na yeye. Mtu mzima akiwepo kijana anakaa chini anasikiliza.

SWALI FUPI: Mi ni mpangaji tu Mwanza, gereji imefunguliwa dirishani kwangu na mwenye nyumba anasema kama sipendi nihame. Nina haki ya kulalamika au ni mpaka uwe na hati?
Mpangaji

JIBU: Unayo. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inasema kila mtu anayeishi Tanzania ana haki ya mazingira safi, salama na yenye afya, haijasema kila mwenye hati. Barua yako na ya mwenye hati zinagongwa muhuri ule ule. Tafuta na wapangaji wenzio wa nyumba za jirani msaini pamoja, mwenye nyumba wako ataisikia tu mtaani.