Kwa mnaoanza mandhari ya sinia: lowesheni mawe kwanza

Wadogo zangu wa kitaluni, juma hili nimeletewa tena sinia la mandhari, ile milima na visiwa vidogo tunavyovitengeneza kwa mawe na mimea, lenye kosa lile lile. Mwamba wa saruji umefinyangwa juzi, makangaga yameshapandwa kwenye nyufa, kuvumwani, ule uoto wa kijani unaotambaa kama zulia, imebandikwa pembeni, na mwenye kazi anauliza kwa nini majani mapya yanatoka ya njano. Nikamuuliza mwamba ulikaa majini muda gani. Akasema haukuloweshwa, ulipigwa rangi tu.

Nawapenda, ndiyo maana leo nasema kwa ukali. Kuchekecha udongo mnajua. Kufunga waya mnajua, na kupunguza mizizi bila kuua mche mnajua kuliko nilivyojua mimi nilipokuwa na umri wenu. Lakini makosa yanayorudi kila msimu ni yale yale, na mimea inayokufa ni ileile. Nimeyapanga kwa namba ili mpate pa kurejea.

1. Mahali kwanza, mmea baadaye. Ukiniambia umetengeneza mlima, nitakuuliza ni mlima gani, na ni upande gani wa mlima huo. Ukuta wa Irente, kule Lushoto, unaotazama Mazinde una mwamba mkavu juani na unyevu kwenye mipasuko yenye kivuli. Mwanza kuna majabali ya mviringo, moja juu ya jingine, na mimea inaishi kwenye udongo kidogo ulionaswa katikati. Vile visiwa vidogo vya ghuba ya Menai, kusini mwa Unguja, vimeliwa na mawimbi kwa chini, hivyo juu ni vipana kuliko kiunoni. Kila mahali pana jiwe lake, na jiwe ndilo linaloamua mmea. Hili lishikeni kuliko yote mengine.

Najua wengi wenu mmejifunzia kwenye video za Kijapani, na hakuna ubaya. Toshio Kawamoto alipoanzisha saikei, yaani mandhari ya Kijapani ya miti midogo na mawe ndani ya sinia, baada ya Vita vya Pili vya Dunia, alitumia miche michanga ya bei nafuu, ili hata asiyeweza kununua bonsai, ule mti mdogo wa chunguni uliolelewa miaka mingi, apate mandhari yake. Hilo la miche michanga lichukueni lilivyo. Misonobari yake mwachieni. Wavietnamu nao wana hòn non bộ, mwamba unaosimama ndani ya maji ya sinia, na mtu wa Pemba au Kilwa hahitaji darasa kuuelewa, kwa maana kisiwa anakijua tangu utotoni.

2. Udongo. Acheni kutandaza tabaka la kokoto chini ya sinia mkidhani linakausha. Chukua sponji, ilowe chapa, ilaze: maji yanabaki ndani. Isimamishe wima: yanachuruzika. Sinia ni sponji iliyolazwa, na ukiweka kokoto chini umezidi kuupunguza udongo kimo, maji yanatuama palepale kwenye mizizi. Tumia mchanganyiko wenye chembe kubwa tangu juu hadi chini: matofali ya kuchoma yaliyopondwa na kuchekechwa vumbi, makopo mawili, na mboji iliyoiva, kopo moja. Toboa matundu, yafunike kwa wavu, basi.

3. Jiwe la kufinyanga. Kopo moja la saruji, moja la mchanga wa mto, mawili ya vumbi la makumbi lililooshwa likatoka chumvi. Changanya vikiwa vikavu, kisha tia maji kidogo kidogo mpaka ukifinya yanashikana bila kuchuruzika. Vaa glavu. Chimba shimo kwenye mchanga mbichi, tandika nailoni iliyokunjamana, jaza, shindilia. Kesho yake, likiwa bado linakubali msumari, lifukue, lichonge, lisugue kwa brashi ya waya. Rangi iingie ndani ya mchanganyiko, ile oksaidi ya sakafu, kidogo sana, kwani ya kupaka juu itabanduka masika ya kwanza. Na mistari ya tabaka ielekee upande mmoja kwenye mawe yote ya sinia.

Sasa nifike kwenye lenyewe.

Dada mmoja alikuja kitaluni kuagiza sinia kwa ajili ya baba yake. Mzee alikuwa Msambaa, mzaliwa wa milima ya Lushoto, na miguu ilikuwa imemkatalia. Barabara ile ya kona kutoka Mombo hakuiweza tena, hata ndani ya gari. Alikuwa akiishi Tanga mjini kwa binti yake, kwenye chumba chenye dirisha la upande wa mashariki. Dada akaniambia, "Kaka, mtengenezee mwamba wa nyumbani, awe anauona asubuhi." Akanionyesha picha ya Irente kwenye simu.

Kazi ile niliifanya kwa moyo wangu wote. Niliufinyanga mwamba vipande vipande, nikachonga mipasuko nikiwa na picha mkononi. Nikapanda makangaga madogo, na kuvumwani niliyoikuza mwenyewe juu ya matofali ya kivulini, na miche ya sentipolia, ua dogo ambalo Waingereza huliita African violet, niliyoiotesha kutokana na jani. Sentipolia ni ya milima hiyo hiyo. Walter von Saint Paul-Illaire, aliyekuwa mtawala wa Kijerumani wa wilaya ya Tanga, aliipeleka kwao mwaka 1892, na leo inapandwa madirishani karibu dunia nzima. Nilitaka mzee aione ikiwa kwenye mwamba, mahali pake.

Mwamba ulikuwa na siku chache tangu ufukuliwe. Ulikuwa mkavu, mgumu, ukiugonga unalia, nami nikauchukulia ugumu kuwa ndiyo kukomaa. Siku ya kukabidhi ilikuwa imekaribia, dada alishalipa. Nikapanda.

Mwanzoni lilipendeza mno. Kisha ncha za makangaga zikaungua. Sentipolia zikatoa majani ya njano, mishipa peke yake ikibaki kijani. Kuvumwani ikafifia, na juu ya mwamba ukatoka utando mweupe. Dada akanipigia simu, nikamwambia aongeze maji. Akapiga tena, nikamwambia atie mbolea kidogo. Yale maji niliyomwagiza ndiyo yaliyokuwa yakiikamua saruji na kuipeleka mizizini.

Nilipokwenda kuliona, mzee alikuwa ameketi mbele yake. Nikamwamkia, akaitika marahaba, kisha akaniuliza taratibu kama huko juu mwaka ule mvua hazikunyesha. Hakuwa akinisuta. Sinia lile kwake lilikuwa habari za nyumbani, na habari nilizompelekea zilikuwa za ukame, ilhali Lushoto wakati ule ilikuwa kijani tupu. Sikuwa na jibu. Nilimwambia mvua zipo, mzee, kosa ni langu, nikalibeba sinia nikaondoka nalo, na kosa lenyewe bado sikuwa nalijua.

Aliyenifumbua macho ni fundi mwashi aliyekuwa akijenga ukuta wa jirani. Aliushika mwamba, akaugeuza, akauliza, "Mwanangu, hii saruji ya lini?" Nilipomjibu, akanyoosha viganja vyake. Vidole vimepasuka, ngozi imeliwa. "Mimi ngozi yangu ngumu namna hii, na saruji mbichi inaila. Kamzizi kembamba vile kataiweza?"

Ndivyo ilivyo. Saruji ikikutana na maji hutoa chokaa kali, na maji yaliyomo ndani yake hufika pH (kipimo cha asidi na chokaa, ambapo 7 ni katikati) ya 12 na kupita. Udongo wa misitu ile ya Usambara una asidi, na mimea ya huko imezoea hivyo. Chokaa ikizidi, madini ya chuma yanajifunga udongoni. Yapo, lakini mmea hauwezi kuyanywa, na hapo ndipo unapoiona ile njano yenye mishipa ya kijani. Ugumu ni jambo moja, ukali ni jingine. Wajenzi huipima nguvu ya zege baada ya siku 28, lakini chokaa huendelea kutoka hata baada ya hapo.

Kwa hiyo jiwe likishachongwa lifungeni kwenye nailoni likiwa na unyevu kwa juma zima. Kisha lizamisheni kwenye ndoo, maji mkibadilisha kila baada ya siku mbili, kwa mwezi mmoja au zaidi. Mwishoni lipitisheni kwenye maji yenye siki, suuzeni, lilazeni kwenye maji safi usiku kucha, asubuhi mpime maji hayo kwa karatasi za pH. Yakisoma zaidi ya 8, jiwe lirudi ndooni. Mwenye subira aliache uani Machi hadi Mei, masika itamsaidia kazi. Na msidanganyike na kipimo cha siku ileile ya siki, kwa sababu siki inaosha ngozi ya jiwe tu. Pimeni tena baada ya siku kadhaa.

Nilitengeneza sinia la pili. Lilipokuwa tayari, mzee alikuwa ameshapelekwa Dar es Salaam kwa matibabu, na hakurudi. Dada alilichukua hata hivyo, akaliweka dirishani. Mkiona nawakatalia kupanda kwenye mwamba wa juzi hata mteja akiwa amesimama mlangoni na pesa mkononi, sababu ni hiyo.

4. Mwenye haraka atengeneze pwani. Mwamba wa matumbawe wenyewe ni chokaa, na mimea inayoota juu yake, kama mshubiri, mkonge mwitu na adeniamu (waridi la jangwani), imezoea. Hapo jiwe la saruji litakusamehe mengi, ingawa kuloweshwa ni lazima vilevile. Kama unataka jiwe la kweli, omba vipande kwa wanaochonga matofali ya matumbawe machimboni. Baharini msivunje kitu.

Anayedhani mwamba wa chokaa hauoti mti aende Mombasa, Bamburi, kwenye machimbo ya zamani ya chokaa ya kiwanda cha saruji. René Haller alianza kupanda miti pale mwaka 1971, mahali palipokuwa mwamba mtupu. Mvinje ukavumilia. Majani yake yaliyoanguka hayakuwa yakioza, basi wakaletwa majongoo, wakayala, na udongo ukaanza kujitengeneza. Leo ni msitu. Ndiyo maana hata kwenye sinia la pwani nawaambia msisahau mboji kwenye mifuko ya mwamba.

5. Majani yalingane na mwamba. Mkwaju, mpingo na mgunga vina majani madogo, navyo hata vikiwa vichanga vinadanganya jicho. Mkuyu una majani mapana, utaufanya mlima wako uonekane kichuguu. Mbuyu unakubali sinia vizuri, lakini msishtuke: mche mchanga hutoa majani mazima kwanza, yale yaliyogawanyika huja baadaye. Nimeshaona mtu anang'oa mibuyu yake akidhani aliuziwa mbegu za kitu kingine. Ukoka usiupande hata ukibembelezwa, utalimeza sinia zima.

6. Utomvu. Mnyaa ukikurukia jichoni utalala hospitali. Adeniamu ilitumika kupaka mishale sumu, kwa hiyo ukiikata osha mikono na kisu kabla ya kushika kikombe cha chai.

7. Msituni tunakwenda kutazama. Hapa naomba mnielewe, kwa sababu nimesikia kuna wanaokwenda msitu wa Amani, huko Usambara, na magunia. Sentipolia za porini zinaota sehemu ndogo ndogo, nyingine kwenye bonde moja au mwamba mmoja, na zipo zilizo hatarini kutoweka. Ukizikwangua kwenye mwamba wake kwa ajili ya sinia la kuuza, umeharibu pale ulipotaka kupaonyesha. Na hakuna haja, kwani jani moja lenye kikonyo, likichomekwa kwenye mchanga wenye unyevu kivulini, linatoa miche kadhaa. Kuvumwani nayo inapatikana kwenye kuta za visima na matofali ya uani; ikaushe, ifikiche, inyunyize juu ya jiwe lililokwisha kupimwa, nyunyizia maji ya mvua, funika na nailoni, ngoja.

Adeniamu vivyo hivyo. Mti wa porini wenye shina nene umekaa pale miaka mingi, na mizizi ikikatwa vibaya wakati wa kuung'oa, unaweza kufa. Otesheni kwa mbegu. Shina litanenepa, mkiliinua kidogo kila mnapohamisha.

8. Daraja jekundu la plastiki. Litoeni. Nyumba yenye mapaa yaliyopinda itoeni. Ukitaka mtu aone ukubwa wa mwamba, chonga ngalawa ndogo ya mti mlaini uiegeshe kwenye mchanga, au njia nyembamba ya mbuzi ipande ubavuni ikipotea nyuma ya jiwe. Inatosha.

Jumamosi nitakata majani ya sentipolia, yatakuwa mengi kuliko ninavyohitaji. Anayetaka aje asubuhi kabla jua halijakuwa kali, abebe kopo la mchanga uliooshwa. Na aje na jiwe lake pia, hata kama limekauka vizuri. Karatasi za pH ninazo, ndoo zipo.