Niliandika mwanamke na kanga, AI ikanichorea ndege

SWALI: Kaka habari za kazi. Mi nauza kanga na madera online, niko Tanga. Picha napiga mwenyewe na simu, nikaambiwa AI itanisaidia nisilipie studio wala modo. Sasa nikiandika "mwanamke mzuri wa Kiafrika amevaa kanga" naletewa kitambaa ambacho hata sio kanga, na juzi nimeandika kwa Kiswahili "mwanamke na kanga mbili" ikanichorea mama kasimama na ndege wawili. Nikiweka picha yangu niombe ibadilishe nyuma tu, inabadilisha mpaka maua ya kanga na maandishi yanakuwa takataka. Nikisema nyuma kusiwe na watu ndo wanajaa. Niandikeje? Na niandike Kiswahili au Kiingereza, na nilipie ipi?

JIBU: Salama dada yangu. Hiyo ya ndege nimecheka mpaka nikamwagia chai meza, lakini ukiangalia vizuri AI haijakosea, kanga ni ndege pia, yule wa madoadoa, na wewe hukusema ni kipi. Mi mwenyewe niliwahi kuomba mama wa makamo aliyevaa buibui nikapewa mama na mdudu wa miguu nane begani. Siku nyingine nimeandika "saa kumi na moja jioni" nataka lile jua zuri la kushuka, ikaniletea usiku wa giza na taa za barabarani, maana imesoma kumi na moja ya kizungu. Kwahiyo kabla hatujafika kwenye ufundi wowote jua kwamba hii kitu haijui unachokijua wewe. Inajua maneno na picha zilizowahi kukaa pamoja na maneno hayo, basi.

Nikueleze kidogo inavyofanya kazi, ukishaelewa hapa mengine yote yanakuwa mepesi. Nyingi za hizi programu zinaanza na picha ya chenga tupu, zile chenga za TV ya zamani antena ikianguka, halafu zinasafisha chenga hatua kwa hatua na kila hatua zinajiuliza hizi chenga zifananeje na maneno niliyopewa. Zimejifunza kwa kuangalia picha za intaneti na maelezo yaliyoandikwa pembeni yake. Stable Diffusion, mojawapo ya programu hizo, iliyotoka Agosti 2022, imefundishwa kwa picha za mkusanyiko unaoitwa LAION-5B, jozi kama bilioni 5.85 za picha na maelezo, na sehemu iliyotumika zaidi ni ile ya Kiingereza, kama bilioni 2.3. Sasa jiulize humo ndani ni picha ngapi mtu amekaa akaandika kwamba hiki kitambaa kina pindo, kina mji na kina jina? Chache mno. Ila picha zilizoandikwa "kitambaa cha Kiafrika" zimejaa tele, na nyingi ni vitenge vya Afrika Magharibi. Ndo unacholetewa.

Dawa yake ni kuacha kutaja jina la kitu peke yake na kuanza kukieleza kama unamwelekeza mtu kwenye simu, mtu ambaye hajawahi kukanyaga Tanga. Kanga ni nini kwa macho? Kitambaa cha pamba chepesi cha mstatili, kina pindo pana limezunguka pande zote nne, katikati kuna mji wenye mchoro mmoja mkubwa au maua yamerudiwa, na chini ya mji kuna kibox kirefu chembamba chenye maneno. Ukiandika hivo, hata AI ambayo haijawahi kusikia neno kanga itakuchorea kitu kinachofanana. Angalia hii niliyoandika jana usiku kwa ajili yako, nimejaribu mara nne mpaka ikakaa:

"Picha halisi ya kamera, wima. Mwanamke wa Kitanzania wa miaka kama arobaini, ngozi nyeusi ya asili yenye vinyweleo na mikunjo yake, amesimama kwenye baraza la nyumba ya zamani ya pwani yenye ukuta wa chokaa na mlango wa mbao wa kuchonga. Amejifunga kitambaa cha pamba cha mstatili kuanzia kifuani mpaka kwenye vifundo vya miguu, rangi nyekundu na nyeupe, pindo pana nyeusi pembeni zote nne, katikati korosho kubwa zilizochorwa. Kitambaa cha pili kinachofanana nacho amejitanda mabegani. Jua liko chini upande wa kushoto, mwanga wa rangi ya dhahabu, vivuli virefu. Amepigwa kwa lensi ya milimita 85 kutoka usawa wa kifua, nyuma imefifia kidogo."

Umeona sijaandika "mzuri" hata mara moja? Neno mzuri halina sura. Mzuri kwa nani? Ukiliandika AI inachukua wastani wa picha zote zilizosifiwa intaneti na wastani huo ni binti wa miaka ishirini, kafanyiwa make-up, ngozi imelainishwa kama plastiki na mara nyingi imepauka. Na "Kiafrika" nalo hivohivo, ukiliacha peke yake linakuja na kijiji cha nyasi, mbuyu, jua jekundu na shanga shingoni hata kama we unauza dera la kwenda nalo kitchen party Chumbageni. Taja nchi, taja umri, taja ukuta uliopo nyuma. Na kwenye ngozi andika wazi kwamba ni nyeusi ya asili na useme mwanga unatokea wapi, maana ngozi nyeusi inapendeza kwa mwanga wa pembeni, wa dirishani au wa jua la kushuka, sio fleshi ya usoni. Hayo ya lensi nayo sio mapambo: milimita 85 ni lensi ya sura za watu, inatuliza uso na kufifisha nyuma, wakati milimita 24 inakupa eneo pana na uso wa karibu unavutika. Maneno haya ya wapiga picha yamo kwenye maelezo ya picha nyingi sana intaneti, kwahiyo AI inayaelewa kuliko ile mistari ya "ubora wa juu kabisa, kazi bora, 8K" ambayo watu wanakopishana. Hiyo ilikuwa inasaidia kidogo kwenye zile za 2022, siku hizi unajichosha tu.

Halafu na Stable Diffusion za mwanzo kuna jambo wengi hawalijui. Sehemu inayosoma maneno yako inabeba vipande 77 tu vya maneno, na Kiswahili kinakatwakatwa vipande vingi kuliko Kiingereza, kwahiyo unaandika aya nzima ya maana afu nusu yake haijasomwa kabisa na we unalaumu programu. Kama unatumia hizo weka kitu cha muhimu mwanzoni na uandike Kiingereza. ChatGPT na Gemini hazina shida hiyo, unaandika Kiswahili cha kawaida zinaelewa, ila kwa yale maneno ya mitego (kanga, buibui, saa) eleza kwa umbo na usitegemee jina. Hapo nimeshakujibu na lile la lugha.

Sasa watu wa nyuma. Ukiandika "kusiwe na watu" neno "watu" limeshaingia, na picha inavutwa na majina kuliko makatazo. Ni kama kumwambia mtoto usiguse sufuria, akili yote inahamia kwenye sufuria. Stable Diffusion ina sehemu yake maalum ya kuandika usichotaka, na Midjourney, programu nyingine ya kuchora, unaweka --no mwishoni ukifuatisha na kitu chenyewe, hizo zimetengenezwa kwa kazi hiyo kwahiyo zitumie. Ila kwenye hizi za kuchati afadhali ueleze utupu wenyewe: "baraza tupu alfajiri, milango yote imefungwa, sakafu imefagiliwa". Hujataja mtu na mtu haji. Zile mpya zinajitahidi kuelewa neno "bila" lakini mi bado siziamini sana.

Tuje kwenye kuediti, maana hapa ndo biashara yako ilipo na hapa ndo nitakuwa mkali kidogo.

Dada yangu, kanga unayoiuza usiiache AI ikaichora upya. Kabisa. Ukipakia picha kwenye programu ya kuchati ukasema badilisha nyuma, mara nyingi haikati nyuma na kubandika nyingine kama fundi wa Photoshop angefanya, inaichora picha NZIMA upya kwa kukumbuka ya kwako ilivyokuwa. Kwahiyo hata ikisema nimebadilisha nyuma tu, maua nayo yamechorwa upya, korosho zilikuwa saba sasa ni sita, pindo limepungua, na jina limekuwa herufi za nchi isiyokuwepo. Mteja wa Arusha akilipa akapokea kitu tofauti na alichoona, huyo hajatapeliwa na AI, ametapeliwa na wewe. Atakavyoona yeye ndo hivo.

Unachotaka ni kuchagua eneo. Generative Fill ya Photoshop, iliyoanza kujaribiwa Mei 2023, inafanya hivo, unazungushia sehemu unayotaka ibadilike na nje ya hapo haiguswi, na zipo nyingine nyingi za kupaka kwa kidole kwenye simu. We paka nyuma yote, acha kitambaa na mtu aliyekivaa, halafu andika unachotaka kiwe pale. Sio "badilisha nyuma", hapana, andika kitu chenyewe: "ukuta wa chokaa wenye ufa mdogo, mwanga kutoka kushoto". Mwanga ufanane na wa picha yako lakini, kama we ulipiga jua likiwa kulia ukaweka ukuta wenye mwanga wa kutoka kushoto, mtu hatajua tatizo ni nini ila ataona tu picha ina uongo.

Kama huna budi kutumia ya kuchati, basi sentensi iwe na sehemu mbili, kinachobadilika na kisichoguswa, na hii ya pili iwe ndefu kuliko ya kwanza. Mfano: "Badilisha ukuta wa nyuma uwe wa chokaa nyeupe. Kitambaa kibaki kama kilivyo: maua, idadi yake, rangi, pindo na maandishi. Uso, mikono, pozi na upande mwanga unakotokea visibadilike." Najua nimetoka kusema makatazo hayafanyi kazi, ila hapa tunataja vitu ambavyo tunataka vionekane, ni tofauti na kufukuza kitu. Omba badiliko moja kwa wakati mmoja. Ikiharibu usiendelee kurekebisha juu ya iliyoharibika, rudi kwenye picha ya kwanza kabisa na ubadilishe maneno, maana kila raundi picha inachoka, kama kutoa fotokopi ya fotokopi, ukifika raundi ya sita uso umekuwa wa ndugu yake. Na kabla hujapost vuta picha mpaka mwisho, hesabu maua, soma jina, hesabu na vidole.

Kuhusu jina la kanga, yaani yale maneno, usihangaike. Kuanzia ile ya kuchora ya ChatGPT ya Machi 2025 na ya Gemini ya Agosti 2025 ambayo watu wanaiita Nano Banana, maandishi mafupi yanatoka vizuri ukiyaweka kwenye alama za kunukuu, kama "PUNGUZO WIKI HII". Ila methali ndefu ya Kiswahili kwenye kitambaa kilichokunjamana, utapata "Japo sipati tamma sikatti" na wateja wa kanga ndo watu wa kwanza kusoma jina kabla hata ya kuuliza bei. Bei na namba ya simu nazo andika mwenyewe kwenye Canva juu ya picha iliyokamilika. Namba moja ikikosewa unampa mtu mwingine wateja wako.

Umbo la picha lisemee mwanzoni, sio ukishapata ndo ukate: wima 4:5 kwa posti ya Instagram, 9:16 kwa stori na status ya WhatsApp. Na ukitaka doti tatu zionekane usiandike "doti tatu" ukategemea ihesabu, kwanza doti yenyewe haiijui, andika "vitambaa vitatu vimekunjwa vimepangwa, cha chini chekundu, cha katikati cha bluu, cha juu cha njano". Rangi zinaisaidia kuhesabu.

Kulipia, usilipie kitu mwezi huu. Chukua kanga moja tu, itandaze kivulini mchana, futa lensi ya simu na ncha ya hiyohiyo kanga (najua hujafuta tangu uinunue), piga kutoka juu ikiwa imenyooka, piga nyingine imening'inizwa, nyingine amevaa dada yako kama amekubali sura yake itumike. Zipitishe kwenye Gemini ya bure na ChatGPT ya bure kwa sentensi ileile moja na uone ipi imegusa maua kidogo. Mi nina wasiwasi ile iliyotandazwa vizuri kivulini utaishia kuipost hivohivo bila AI.