Ubao wa nyuma wa kabati unaochomoka

Dada, unasema ubao wa nyuma wa kabati lako la kuunganisha unachomoka kila ukifunga mlango kwa nguvu. Ni ile misumari midogo ya kwenye boksi. Kabati hizi ni za vumbi la mbao lililogandishwa, nalo halishiki msumari vizuri.

Lalisha kabati kifudifudi, toa misumari yote. Kabla ya kurudisha ubao, pima kona kwa kona, mishazari yote miwili. Vipimo visipolingana, sukuma mpaka vilingane. Huo ubao mwembamba ndio unaozuia kabati lisiyumbe, ukiufunga kombo, milango haitakutana kamwe.

Halafu tumia vise (skrubu, ndugu zetu wa Tanzania wanavyosema) za milimita 3 kwa 20, zenye kichwa kipana, kila sentimita 15. Toboa kwanza kwa kekee ya milimita 2, katikati kabisa ya unene wa ubao wa ubavuni, mbali na matundu ya zamani. Kaza kwa mkono, mashine inakula tundu.

Na sisi wa Goma, sakafu zetu juu ya mawe ya volkano zinajulikana kwa kutokuwa sawa: weka kipande cha mbao chini ya mguu unaoning'inia.