Mbona hawajamtoa kizazi?

Mama mdogo wangu anauza migebuka pale mwalo wa Kibirizi, Kigoma. Hedhi ilikuwa imekoma miaka minne, kisha damu ikaanza kumtoka tena. Wenzake wakamwambia ni chango, akanywa mizizi miezi mitano. Zahanati aliyoikimbilia ilimpa dawa za yutiai mara mbili, hakuna aliyempandisha kitandani kumwangalia. Jamani, damu baada ya kukoma hedhi, au baada ya tendo la ndoa, usiinywee dawa yoyote kabla mlango wa kizazi haujaangaliwa.

Baadaye alikatwa kipande kidogo cha nyama ya mlango wa kizazi kikapelekwa maabara: saratani ya mlango wa kizazi, hatua ya pili B. Tukapanda treni kwenda Dar es Salaam, hospitali ya saratani ya Ocean Road. Nilifungasha nguo za wiki moja; tulikaa karibu miezi miwili kwa shemeji yangu Mbagala, Mungu amzidishie.

Mionzi ya nje alipigwa siku 25, Jumatatu hadi Ijumaa. Ni dakika chache na haiumi. Kila wiki alitundikiwa dripu ya sisplatini, dawa ya saratani, baada ya kupimwa damu, na alitakiwa anywe maji mengi kulinda figo. Wiki ya tatu kuharisha kukamkamata. Ikabaki mionzi ya ndani, ambayo kifaa hupitishwa ukeni hadi kwenye uvimbe wenyewe. Hapo akagoma. Damu imekauka, nimepona, turudi Ujiji! Muuguzi akakaa naye chini: matibabu yote yanatakiwa yaishe ndani ya wiki nane, ukikatiza uvimbe unajijenga upya. Nauli nilikuwa nimeshaificha.

Tuliporudi, swali likawa moja mtaa mzima: mbona hawajamtoa kizazi? Wengine wakaona tumedanganywa. Upasuaji unafaa zaidi saratani ikiwa bado changa, haijatoka mlangoni. Yake ilikuwa imeshagusa nyama za pembeni, mahali ambapo kisu hakiwezi kumaliza kila kitu, lakini mionzi inafika. Na wifi mmoja akamtengea kikombe chake, eti mionzi itaambukiza watoto. Mionzi ile haibaki mwilini, na saratani yenyewe haiambukizi. Kinachoambukizwa ni kirusi cha HPV kinachosababisha saratani hii, ambacho wengi wetu tumeshakutana nacho bila kujua, na mara nyingi mwili hukifukuza wenyewe. Ndicho wasichana wa miaka 9 hadi 14 wanachokingwa nacho kwa chanjo, na tangu 2024 ni dozi moja tu.

Mimi nina miaka 36. Wiki mbili baada ya kurudi nikaenda kupimwa mlango wa kizazi kwa siki: wanapaka, wanasubiri kama dakika moja, penye mabadiliko panageuka peupe. Kwangu palikuwa na doa. Halikuwa saratani, likachomwa kwa joto siku ileile, nikatembea kurudi nyumbani. Nilipomsimulia mama mdogo, aliweka chini kisu cha samaki akaniangalia.

“Miezi yote ile ulikuwa unanigombeza mimi,” akasema, “na wewe hujapima?”